Bosi Yumo Kundi Namba 4

Kusoma shahada ya uzamili ya biashara huku umeajiriwa kuna adha zake ambazo kila mtu anazijua, kwa hiyo sitawachosha nazo. Ada inameza mshahara. Watoto wanamzoea dada wa kazi kuliko wewe. Unaingia darasani saa kumi na moja na nusu jioni, akili imebaki kazini, tumbo limebaki kwa mama ntilie, kilichofika ni begi. Hayo yote niliyapigia hesabu nilipokuwa najaza fomu. Ambalo sikulipigia hesabu ni kwamba wiki ya kwanza tu, mhadhiri akiwa bado anajitambulisha, mlango ungefunguka na angeingia bosi wangu na daftari jipya, akiangaza macho kutafuta pa kukaa. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa pembeni yangu.

Nilikuwa nimeshamwomba bosi huyohuyo ruhusa ya kutoka kazini mapema kidogo siku za masomo. Alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni haiwezi kuendeshwa na watu wanaokimbilia madarasani.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Kumbe na wewe upo?"

Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekukuta kwenye harusi ya kwao na hana kumbukumbu ya kukupa kadi.

Kwa haki ya Mungu, mwalikwa ni yeye. Shahada hii ilizaliwa Harvard mwaka 1908, na Chuo Kikuu cha Chicago ndicho kilichobuni, mwaka 1943, utaratibu wa kuwasomesha wakuu wa makampuni bila kuwatoa kazini. Dunia ilikuwa vitani, viwanda vinawahitaji wakubwa wake kila siku, ikaonekana bora wasome hivyohivyo wakiwa na vyeo vyao. Hakuna aliyekuwa akimfikiria afisa manunuzi wa kampuni ya kusambaza sabuni na vifaa vya usafi huku barabara ya Nyerere, ambaye akitaka rimu mbili za karatasi anaandika maombi, yanasainiwa na mhasibu, yanapanda kwa meneja, yanafika kwa bosi, na yanarudi na swali: zile za mwezi uliopita zimekwenda wapi? Zimekwenda kuandikia maombi ya rimu.

Jioni mtu huyohuyo anaulizwa: ungekuwa wewe mwenyekiti wa General Motors, ungefunga kiwanda kipi? Nimeshafunga viwanda vingi. Nimeunganisha mashirika ya ndege, nimewaondoa wakurugenzi wa benki za Ulaya, nimeingia soko la China na nikatoka. Asubuhi naomba saini ya kununua balbu ya kwenye korido.

Kila ninayemsimulia huuliza kama bosi hunipa lifti. Hunipa, na natamani angeacha. Kutoka Tazara hadi Ubungo kwa barabara ya Mandela, saa ambazo malori ya kontena yanatoka bandarini, foleni inatosha kumaliza kikao kizima cha bodi, na bosi hukimaliza. Buguruni tunajadili wadeni. Tabata tunapitia oda za wiki ijayo. Tukifika External anafunga faili, ananigeukia, anauliza, "Hivi jana yule mhadhiri alisema nini?" Hapo ndipo namfundisha. Nafundisha kuanzia External hadi Ubungo, kwa sauti ya chini maana dereva naye anasikiliza, na nina hakika dereva anaelewa kuliko sisi wote. Juzi alinisahihisha tofauti ya gharama za kudumu na gharama zinazobadilika, akatumia mfano wa tairi. Kwenye daladala nilikuwa nasimama, nabanwa, nakanyagwa, lakini nilikuwa nalala.

Lifti naivumilia. Kinachonikera hasa ni masikio yake. Tunakaa meza moja, tunasikia mhadhara mmoja, tunatoka na elimu mbili tofauti, na ya kwake ndiyo yenye mamlaka ya kutekelezwa kesho yake saa mbili asubuhi.

Chukua habari ya shirika la ndege la Southwest la Marekani, ambayo walimu wa biashara hawachoki kuisimulia. Southwest walianza kurusha ndege Texas mwaka 1971, na biashara yao wakaijenga juu ya aina moja ya ndege, Boeing 737. Rubani akiizoea moja amezizoea zote, fundi vilevile, na stoo ya spea inakuwa ndogo. Nilitamani kusimama nipige makofi. Kampuni yetu ilikuwa na magari manne ya mzigo: Fuso, Isuzu, Tata na pikapu ya Toyota. Kila moja na chujio lake la oili, kila moja na pedi zake za breki, kila moja na duka lake Gerezani ambako muuzaji ananijua kwa jina na ananipandishia bei kwa upendo. Usiku uleule nikaandika pendekezo la kurasa tatu: tuyauze taratibu, tubaki na aina moja. Nikaweka na jedwali.

Bosi naye aliguswa na Southwest, ila yeye aliguswa na sehemu ya mbele ya hadithi. Mwaka 1972 Southwest walibanwa na fedha, wakauza moja kati ya ndege zao nne, na hawakupunguza safari. Waliamua kwamba ndege ikitua igeuzwe kwa dakika 10: hawa washuke, wale wapande, iondoke. Ratiba ikabaki ileile. Sasa mnaona inakoelekea. Pikapu ikauzwa, ratiba ya mizigo ikabaki ileile. Tuna magari matatu ya aina tatu, na getini limebandikwa tangazo kwamba kila gari likirudi lipakiwe upya ndani ya dakika 10. Southwest walikuwa wakipakia abiria, na abiria ana miguu. Sisi tunapakia madumu ya lita 20 ya sabuni ya maji.

Kabla vijana wa kupakia hawajapona migongo, tukafundishwa jedwali la Boston Consulting Group la mwaka 1970, lile linalogawa bidhaa za kampuni katika nyota, ng'ombe wa maziwa, alama za kuuliza na mbwa. Mbwa ni bidhaa ambayo soko lake halikui na wewe mwenyewe ndani ya soko hilo huna sehemu ya maana. Ni jina la bidhaa. Mhadhiri alilisema hilo waziwazi, nimeliandika kwenye daftari. Bosi akaitisha kikao cha wafanyakazi wote, akachora mraba ubaoni, akawagawa watu. Dada anayeuza mafagio akaambiwa mbele ya kadamnasi kwamba yeye ni mbwa. Kwao ni Tanga, ni mtu mzima, ana wajukuu. Ilibidi niende mimi kumtuliza, nikamweleza kwamba ni nadharia ya kutoka Marekani. Akaniuliza huko Marekani wanaitana hivyo na wazazi wao wanajua?

Wiki ya Herzberg ilikuwa mbaya zaidi, kwa upande wangu. Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, wakachapisha kitabu mwaka 1959. Walichosema ni kwamba vitu vinavyomfanya mtu aipende kazi ni vingine, na vinavyomfanya aichukie ni vingine. Mshahara waliuweka zaidi kwenye fungu la pili: ukiwa mdogo unaudhi, ukiwa mzuri maudhi yanapungua, lakini haumfanyi mtu aamke alfajiri akiimba njia nzima mpaka kazini. Nilimwona bosi akipigia mstari. Kisha akapiga wa pili juu ya ule wa kwanza.

Ada ya muhula uliofuata ilipokaribia nikaenda kuomba nyongeza. Akanisikiliza kwa utulivu wote, kisha akasema, "Wewe ni msomi mwenzangu. Unajua kabisa kwamba mshahara si motisha."

Nikamwambia, "Bosi, ukurasa uleule unasema mshahara mdogo ni karaha."

Akasema huko bado hajafika. Lakini kwa kuwa Herzberg anasema motisha ya kweli ni kutambuliwa na kupewa majukumu, alinitambua palepale na kunipa majukumu. Sasa nasimamia na stoo. Mtihani wa usimamizi wa rasilimali watu bosi alipata A. Mimi nilipata B.

Stoo yenyewe ilikuwa wazi tangu mtunza stoo alipoacha kazi, na hajaajiriwa mtu kwa sababu ya Mfaransa mmoja mhandisi wa kilimo, Max Ringelmann, aliyepima nguvu za watu wakivuta kamba. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Wavutaji wakiongezeka, kila mmoja anavuta kwa nguvu pungufu. Wakifika wanane, kila mtu anatoa karibu nusu tu ya uwezo wake. Darasani tulifundishwa hili kama onyo kwa wanaofanya kazi kwa vikundi, kwamba mchango wa kila mtu uwekwe mahali unapoonekana. Bosi akatoka nalo kama sera ya ajira. Anasema tukiwa wachache ndio tutavuta vizuri. Kwa hesabu zake idara bora kuliko zote ni ya mtu mmoja, na yangu imebakiza hatua ndogo sana.

Na kama kuna mahali Ringelmann angepata vielelezo vya bure, ni kundi namba 4. Makundi yalipangwa kwa alfabeti, na jina langu na la bosi yanafuatana, jambo ambalo kwalo naulaumu ukoo wangu. Tuko sita. Yupo kaka wa benki, ambaye kila ukimtafuta anafunga hesabu za mwezi. Nimekagua kalenda, anafunga mwezi hata tarehe 11. Yupo kaka wa kampuni ya simu, ambaye kila kazi ikitolewa anakuwa mkoani na mtandao haukamati. Yupo kijana aliyeunganisha moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, hajaajiriwa hata siku moja, na ndiye anayejua makampuni yanavyotakiwa kuendeshwa. Yupo dada mfamasia, ambaye ndiye anayefanya kazi. Nipo mimi, katibu. Na yupo bosi.

Siku ya kwanza bosi alitangaza, "Jamani, hapa sote wanafunzi, niiteni kwa jina." Hakuna aliyethubutu. Yule kijana akachagua "mzee baba", na cha ajabu bosi akafurahi. Mimi nimebaki na "bosi", maana mshahara wangu haujui kama ni jioni. Kwenye kundi la WhatsApp namwandikia: shikamoo bosi, samahani kwa usumbufu, naomba kukumbushia sehemu yako ya uchambuzi wa ushindani, mwisho ni leo saa sita usiku. Anajibu kwa dole gumba. Ikikaribia saa sita anatuma ujumbe wa sauti, mrefu, honi zikisikika kwa nyuma, akieleza kwa kina jinsi sehemu yake itakavyokuwa nzuri. Naiandika mimi. Kesho yake ofisini ananiuliza mbona nimechoka hivyo, na kama kuna tatizo nyumbani.

Kuna kazi moja aliandika mwenyewe. Ukurasa mmoja na nusu, umechapwa na katibu muhtasi wake kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, chini una mhuri. Niliusahihisha kwa kalamu ya kijani aliyoniachia mkaguzi wa ndani alipomaliza kuhesabu stoo. Nikakata aya mbili, nikaandika pembeni "chanzo?" na mahali pengine "rudia". Nikamrudishia ndani ya bahasha. Sidhani kama aliifungua, lakini usiku ule nililala vizuri.

Kisha mhadhiri akaleta fomu. Kila mwanakundi awape wenzake alama, 1 mpaka 5, kwa kadiri ya mchango wao, na katibu akusanye. Wiki hiyohiyo ofisini kulikuwa na tathmini ya mwaka, ambako mkubwa humpa mtumishi alama, 1 mpaka 5, kwa kadiri ya mchango wake. Majedwali yanafanana mno, nadhani aliyetengeneza moja alilidesa lingine. Tukakaa ofisini kwake tunaangaliana, yeye ana fomu yangu, mimi nina yake.

"Mchango wangu umeuonaje muhula huu?"

"Mkubwa sana, bosi. Na wangu?"

"Wako pia mkubwa sana."

Tukapeana nne. Tano wangetushtukia. Kati ya yote tuliyofundishwa, somo la majadiliano ya kibiashara ndilo pekee nililoliona likifanya kazi kama lilivyoandikwa. Dada mfamasia alimpa moja, lakini yeye mshahara wake unatoka kwingine.

Nyumbani sina la maana la kusimulia, kwa sababu sipo. Mama akipiga simu anauliza shahada inaisha lini na msingi wa nyumba unachimbwa lini. Ukoo umenifanya mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu kwa kuwa "unasomea fedha", na nakiri kwamba huko nimepata mazoezi. Mjomba aliyeahidi laki tano mbele ya watu, akapigiwa vigelegele, ana dalili zote za mdeni mbaya zilizoorodheshwa kwenye kitabu cha uhasibu. Kitabu hakisemi ufanyeje kama mdeni mwenyewe ndiye mpokea mahari.

Sasa tumefika kwenye tasnifu. Bosi amechagua kuchunguza athari za motisha kwa utendaji wa wafanyakazi, na ameichagua kampuni ambayo ana uhakika mkurugenzi wake atampa ushirikiano. Barua ya kuomba kibali cha kukusanya takwimu aliiandika, akajipelekea, akaisoma, akajikubalia. Barua yangu mimi, ya kutafiti mlolongo wa manunuzi palepale, iko mezani kwake tangu Pasaka.

Wafanyakazi tuko 47. Kwa kanuni ya Taro Yamane, ambayo wanafunzi wa biashara huiweka kwenye sura ya tatu kabla hata hawajajua wanatafiti nini, watu 47 ukiruhusu kosa la asilimia 5 wanakupa sampuli ya watu 42. Waliosalimika ni watano, na mimi simo. Dodoso liligawiwa siku ya mshahara. Aliligawa mtafiti mwenyewe, mkono kwa mkono, akasubiri pembeni. Juu limeandikwa kwamba majibu ni siri na usiandike jina. Chini yake sentensi, kila moja na visanduku vitano alivyotuachia Rensis Likert tangu mwaka 1932, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa. Mkurugenzi wangu hunisikiliza. Mkurugenzi wangu hutambua juhudi zangu. Nafurahia kupakia gari ndani ya dakika 10.

Kuingiza majibu kwenye SPSS nikapewa mimi, kwa kuwa nasimamia stoo na takwimu nazo ni vitu vya kuhifadhi. Watu 41 walikubali kabisa, kila sentensi. Mlinzi alikubali kabisa hata pale alipoulizwa umri. Programu haikutoa cha maana, kwa sababu takwimu inataka watu watofautiane angalau kidogo, na aliyetofautiana alikuwa mmoja. Karatasi namba 31: sikubali kabisa, kuanzia juu mpaka chini.

Msimamizi wake chuoni amefurahi. Amesema karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba utafiti ulifanyika kweli, na amemtaka aiandikie aya nzima. Bosi hajafurahi. Jana aliniita, akafunga mlango, akaiweka karatasi namba 31 mezani katikati yetu. Akasema hataki kabisa kujua ni nani, utafiti una maadili yake. Anauliza kitu kidogo tu cha kiofisi. Wino huu ni wa kijani. Kampuni inanunua kalamu za bluu na nyeusi, na leja ya vifaa iko kwangu. Je, yupo mfanyakazi aliyewahi kupewa kalamu ya kijani?

Nikamwambia, "Bosi, wanaotumia kijani ni wakaguzi."

Akasema mkaguzi ni mmoja wa wale watano waliosalimika.

Nikamwambia basi leja nitaitafuta. Stoo ni kubwa, nami niko peke yangu, lakini kwa mujibu wa Ringelmann mtu akiwa peke yake ndipo anapovuta kwa nguvu zote, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Akaitikia kwa kichwa, akaonekana kuridhika na Ringelmann. Mahafali ni Novemba. Naitafuta taratibu.